Maharage ndani ya keki: uchague njano, mekundu, choroko au dengu?

Swali hunifikia mlangoni, kwa kawaida jioni, na mara nyingi anayeuliza ni mama ambaye mwanawe hutenga maharage pembeni ya sahani, punje moja moja, kama anayechambua kokoto. "Dada, ile keki ya maharage, unaweka maharage gani?" Nimelijibu mara nyingi nikiwa na oda mkononi, na jibu la haraka halimsaidii mtu. Anakwenda sokoni, ananunua yaliyo bei nafuu siku hiyo, anayachemsha pamoja na kitunguu kama mboga ya mchana, anasaga, na keki inanukia jungu la maharage. Basi hapo ameshaapa hatarudia tena.

Mimi naokea nyumbani, Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mapishi niliyoanza nayo yalitoka mbali na karibu yote yalitaka maharage meusi. Nilizunguka soko siku mbili nikiyatafuta. Nilichokuta ni vile vile tunavyovijua: njano yanayoshuka kutoka Kasulu na Buhigwe, mekundu, magunia ya mchanganyiko, choroko, kunde, na dengu zinazokuja kutoka upande wa Tabora. Ilinichukua muda kuelewa kwamba weusi haukuwa na kazi yoyote ndani ya keki. Wale walioandika waliweka meusi kwa sababu ndiyo waliyo nayo dukani kwao, na kakao inayafunika. Kinachoamua keki iwe nzuri au mbaya ni mambo mawili: ganda la punje, na harufu yake baada ya kuiva. Hayo mawili ndiyo nitakayoyafuata nikilinganisha.

Kwa anayeshangaa maharage kukutana na sukari, aende Ujiji mwezi wa Ramadhani. Maharage ya nazi yaliyotiwa sukari na iliki si mageni kwenye futari, na hakuna anayeyaonea ajabu. Wajapani nao huchemsha maharage madogo mekundu yaitwayo azuki, wakayaponda na sukari kuwa kijazo cha vitafunwa vyao. Huko Marekani, Waislamu weusi wana pai yao maarufu ya maharage meupe. Kwa hiyo tunachofanya hapa ni kulihamisha jambo la zamani kutoka kwenye sufuria kwenda kwenye trei.

Faida iko wapi hasa

Niliseme hili wazi, maana watu huambiwa mengi. Kikombe cha unga mweupe wa ngano, gramu 125 hivi, kina takriban kilokalori 455, protini gramu 13 na nyuzinyuzi gramu 3 na kitu. Kikombe cha maharage mekundu yaliyoiva na kuchujwa, gramu 175 hivi, kina kilokalori karibu 225, protini gramu 15 na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 11. Ukitazama vizuri, protini hazijapishana sana kikombe kwa kikombe. Kilichopishana ni nyuzinyuzi, mara tatu na zaidi, na nguvu ya chakula kushuka nusu. Maharage pia yana foleti nyingi na madini ya chuma. Ndiyo maana kipande kimoja cha keki hii hushibisha, na mtoto haji kuomba cha tatu.

Lakini sukari uliyoimimina ni ile ile. Maharage hayaipunguzi hata chembe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoila kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000, na asali inahesabiwa humo humo. Mtu akiweka maharage kisha akabaki na vikombe viwili vya sukari, asiiite keki ya afya. Uzuri wa maharage ni kwamba yanakuruhusu kupunguza: rojo lake linashika unyevu, kwa hiyo keki haikauki hata ukiondoa theluthi ya sukari na theluthi ya mafuta.

Kabla ya kuchagua, namna ya kuchemsha

Hapa sitanii na mtu. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu asilia ya kundi la lektini, na punje chache tu ambazo hazijaiva zinaweza kumtapisha mtu na kumharisha. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10, ndipo upunguze moto mpaka yaive kabisa. Kuyaacha kwenye moto mdogo tangu mwanzo, kwa kubana mkaa, hakuiondoi sumu hiyo. Na ndiyo sababu situmii unga wa maharage mabichi uliosagwa mashineni: joto kavu la oveni si sawa na maji yanayochemka. Unga huo pia ndio wenye harufu kali kuliko yote, kwa sababu punje mbichi ikivunjwa na kukutana na maji, vimeng'enya vyake huanza kutengeneza ile harufu ya majani mabichi. Ikichemshwa nzima, joto huvizima vimeng'enya kabla havijafanya kazi.

Maji ya kuloweka yakimwagwa huondoka pia na sehemu ya zile sukari ngumu zinazojaza tumbo gesi. Ukipenda, badilisha maji hata katikati ya kuchemsha.

Magadi usiweke. Najua yanaokoa mkaa, na kwa mboga kila mtu na nyumba yake. Kwenye keki yanaacha ladha ya sabuni na yanavuruga kazi ya bekingi pauda. Chumvi, kitunguu, mafuta, navyo visubiri. Mimi nina sufuria moja ambayo haijawahi kuonja kitunguu, na siiazimishi.

Punje imeiva kwa keki pale unapoibana kati ya ulimi na kaakaa ikayeyuka bila kuacha kiini. Iliyoiva kwa mboga bado haijaiva kwa keki.

Njano na mekundu

Haya ndiyo mashindano yenyewe, kwa sababu ndiyo yaliyopo mwaka mzima na ndiyo kila nyumba inayo.

Njano, na hasa yale ya duara tunayoyaita gololi, yana ganda laini na huiva mapema kuliko mekundu. Rojo lake lina rangi ya siagi na harufu yake ni tulivu, karibu na ya viazi vilivyochemshwa. Ukilipitisha kwenye chujio mara moja tu, unabaki na kitu laini kabisa. Kwa keki nyeupe, yaani ile isiyo na kakao, hayana mpinzani. Keki hutoka ya manjano kama iliyotiwa mayai mengi, na watu husifia rangi kabla hawajaonja.

Vipimo vyangu ni hivi: kikombe cha rojo la njano, kikombe cha unga wa ngano, mayai matatu, nusu kikombe cha sukari, theluthi ya kikombe cha mafuta ya alizeti, vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, iliki ya kutwanga kijiko kimoja cha chai, na ganda la chungwa moja lililokwaruzwa. Piga mayai na sukari mpaka yavimbe na kupauka rangi, tia mafuta, tia rojo likiwa limepoa kabisa, mwisho unga kwa mwiko na mkono mwepesi. Oveni nyuzi 180, dakika 35 hadi 40. Iliki na chungwa si mapambo. Ndizo zinazokamata ile harufu kidogo iliyobaki.

Unga siutoi wote, na nina sababu. Maharage hayana gluteni, ile kamba ya ngano inayoshika hewa keki ikavimba. Ukiweka rojo tupu kwenye keki nyeupe unapata kitu kilicholala, kama mkate uliokosa hamira. Nusu kwa nusu ndipo panapokubali.

Mekundu yana tabia nyingine. Ganda lake ni nene na kaidi. Hata blenda yenye nguvu huacha vipande vyekundu vidogo, na mtoto mkaidi huviona kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Rojo lake lina rangi ya kahawia inayoelekea waridi, rangi isiyopendeza ndani ya keki nyeupe, nimejaribu nikajuta. Lakini mpe kakao. Ladha yake nzito, yenye udongo kidogo, inakutana na uchungu wa kakao na vyote viwili vinanyanyuka. Hapo unga wa ngano unaweza kuuacha kabisa, kwa sababu keki ya kakao watu huipenda ikiwa nzito na yenye unyevu, na kazi ya kushika hufanywa na mayai.

Kwa hiyo: kikombe kimoja na nusu cha mekundu yaliyoiva na kuchujwa vizuri, mayai manne au matano kwa ukubwa wake, vijiko sita vya chakula vya kakao, robo tatu ya kikombe cha sukari, vijiko sita vya chakula vya mafuta, kijiko cha chai cha bekingi pauda, vanila na chumvi kidogo. Saga maharage na mayai mawili kwanza mpaka usione hata alama ya ganda, ndipo viingie vingine. Nyuzi 165 hivi, dakika 35 mpaka 40. Iache ipoe yote kabla ya kuikata, na ukiweza iache ilale hadi kesho yake. Ikiwa moto bado unayasikia maharage, asubuhi huyasikii.

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa nyumba yenye watoto wadogo, nachukua njano. Yanasamehe makosa. Usipoyachuja vizuri bado yanakubali, na usipokuwa na blenda unaweza kuyaponda kwa kinu na kuyapitisha kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Mekundu bila blenda ni kazi ya kukata tamaa. Mekundu nayaweka kwa watu wazima, kwa oda za kakao, na kwa yule asiyeweza kula ngano, kwa sababu ile keki haina ngano ndani yake, ilimradi trei isipakwe unga wa ngano.

Kwa wenye jiko la mkaa, sufuria kubwa yenye mchanga na mfuniko wa makaa juu: keki hizi zote mbili ni nzito kuliko ya kawaida, kwa hiyo makaa ya chini yawe machache, ya juu kiasi, na subira iongezwe robo saa. Moto wa haraka unakausha juu huku katikati pakibaki uji.

Choroko na dengu

Choroko inashinda kwa jambo moja ambalo kwa mama wa mkaa ni kubwa: hailazimu kulowekwa usiku kucha na huiva ndani ya dakika 40 hivi. Umepata wageni ghafla, choroko inakuokoa. Inapoteza kwenye rangi. Ganda la kijani halifichiki ndani ya keki nyeupe, hutoka kitu cha kijivu-kijani kinachomfanya mgeni aulize. Ukipata zile zilizokobolewa na kupasuliwa, za njano, tatizo limekwisha. Nyumbani kwangu choroko nzima huenda kwenye keki ya kakao siku mekundu yakiwa hayajalowekwa, nusu na unga, na hakuna aliyewahi kutambua.

Dengu ni ghali zaidi hapa kwetu na ni ngumu. Bila kulowekwa usiku kucha usianze, na maganda yake lazima yatolewe kwa kuzisugua ndani ya maji mpaka yaelee. Lakini ladha yake ina ukaranga, na kwa biskuti sijaona ya kuizidi: kikombe na nusu cha dengu zilizoiva, nusu kikombe cha siagi ya karanga, asali robo kikombe, kijiko cha chai cha bekingi pauda, chumvi kidogo. Finyanga vidonge, vibonyeze kwa uma, oka dakika 15. Hazitoki kavu za kuvunjika. Ni laini ndani, na watoto wa shule hubeba kwenye mfuko.

Dengu zina zawadi nyingine iliyotupwa kwa miaka. Maji yake mazito ya kuchemshia, yakipoa na kupigwa kwa mashine, huumuka kama ute wa yai. Mfaransa Joël Roessel ndiye aliyeonyesha jambo hilo mwaka 2014, na tangu hapo wasiokula mayai huyatumia. Vijiko vitatu vya chakula vya maji hayo husimama mahali pa yai moja. Maji ya mwisho ya kuchemshia tu, si yale ya kuloweka.

Kunde sizishauri. Ganda ni jembamba, ndiyo, lakini harufu yake ya shambani haishindwi na iliki wala kakao. Ziachie bajia, ambako ziko nyumbani. Njugu mawe za Tabora zina utamu wake zenyewe na ningezipenda kuliko zote, ila muda wa kuziivisha unakula mkaa mwingi mno. Ukiwa umezichemsha kwa ajili ya kutafuna, weka pembeni kikombe kimoja, usichemshe kwa ajili ya keki peke yake.

Utamu na mafuta vinavyoendana

Asali ya Tabora inayovunwa kwenye miombo ni nyeusi na ina ladha nzito, wakati mwingine yenye moshi kidogo. Kwenye keki ya mekundu na kakao inapendeza mno: robo tatu ya kikombe cha asali mahali pa kikombe cha sukari, na kama mapishi yako yana maji au maziwa, uyapunguze vijiko vitatu. Moto nao ushuke kidogo kwa kuwa asali huungua mapema. Kwenye keki ya njano asali hiyo inatawala kila kitu, iliki hutaisikia. Huko naweka ndizi mbivu, zile zenye madoadoa meusi ambazo muuzaji anakaribia kuzitupa, mbili zilizopondwa kwa kila nusu kikombe cha sukari ninachokiondoa. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ikiwa imeokwa.

Mawese najua mtaniuliza. Ni mafuta yetu, na dagaa bila mawese sijui ni dagaa gani. Kwenye keki nyeupe harufu yake na wekundu wake havijifichi, na karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, kwa hiyo kwa keki inayotafuta afya mimi natumia alizeti.

Nani aambiwe

Mtoto anayekataa maharage, mfiche. Ataambiwa akikua, na wangu aliambiwa akiwa na miaka tisa, akaomba kipande kingine. Mnunuzi aambiwe siku ya kwanza. Yuko mtu ambaye tumbo lake halipatani na maharage, yuko ambaye dengu humwasha mwili, na yuko mzee mwenye kisukari ambaye akisikia "keki ya afya" atakula vipande vitatu kwa kuniamini. Huyo wa mwisho namwambia kiasi cha sukari kilichomo kwa vijiko, kipande kwa kipande, na namwomba amuulize mtaalamu wake kituoni. Niliwahi kunyamaza mara moja kwenye oda ya kipaimara, bibi mmoja akashinda usiku mzima akigaagaa kwa tumbo, na tangu siku hiyo naandika maharage niliyotumia juu ya boksi.

Jambo la kuharibika nalo liandikwe. Keki hizi zina maji mengi kuliko ya kawaida, na kwa joto la hapa ziwani hazikai nje zaidi ya siku mbili. Kwenye friji siku nne. Rojo tupu unaweza kuligandisha kwenye mifuko ya kikombe kimoja kimoja, hata mwezi, kisha siku ya kuoka unalitoa asubuhi. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi: Jumapili nachemsha kilo nzima ya njano kwa moto mmoja, nasaga, nagandisha, na wiki nzima mkaa wangu unafanya kazi ya kuoka tu.